Pengo la Kushoto

Miaka thelathini na minane, mjini Biel,
kazi yangu ilikuwa moja: kufuta mikwaruzo.
Ganda la saa liliingia karakanani na uso wa ndui,
likatoka limetakata hadi ukijitazama unaona haya.
Vidole vyangu havina alama tena. Polisi wakinitaka
watapata madoa tu.

Sasa nina pengo, chini, upande wa kushoto,
na binti yangu Ladina ana hadubini.

Jumamosi moja ya theluji alinipitisha mlango wa nyuma,
akanivika koti jeupe lililonibana kwapani.
"Baba, chungulia. Usiguse."

Nikaona kauri, kidonge si kikubwa kuliko kifungo cha shati.
Nikatafuta kasoro, ndiyo desturi yangu,
nikazikuta tele: mashimo, matuta, makorongo,
kana kwamba mbuzi wamepita kwenye tope, likakauka.
"Nani kaiharibu hii?"
"Mimi," akasema. "Kwa mchanga, kisha kwa asidi."

Kumbe mfupa haupendi mng'aro.
Seli yake ikitua penye kioo hujikunja, huteleza,
lakini ipe korongo itatia mguu,
ipe tuta itajinyoosha, ianze kujenga.
Niliziona, zimetiwa rangi ya kijani, bapa,
zina vidole vyembamba, zinapapasa
kama mtu aliyeamka usiku wa manane
katika nyumba ya wageni, anatafuta swichi.

Nilikaa kimya. Nilikuwa nikizihesabu saa zangu zote.

Ila korongo halina bawabu.
Kabla mfupa haujapata habari
mate yameshatandika mkeka wa protini,
na mkekani wanaketi wale wa mviringo,
mkufu kwa mkufu, bila hodi.
Wanaitana. Wanapika uji wao wa kunata,
wanajifunika gubigubi,
na dawa ikija inagonga paa
inarudi ilikotoka.
Anayewahi ndiye mwenye nyumba, akasema Ladina;
mengine yote ni kesi ya kumfukuza mpangaji.

Nikamwambia: jino la pembe si dawa ya pengo.
"Waliosema hivyo," akajibu, akibadilisha kioo,
"walilifunga kwa uzi."

Ndipo akanionyesha shingo ya jino,
pale linapotoka kwenye fizi kuja hewani.
Chini, ndani ya taya, sharti liparuze;
hapa sharti liwe laini, bakteria akose pa kujificha,
na fizi ilikumbatie kama ukosi wa sweta.
"Laini kiasi gani?"
"Hapo ndipo ninapokuhitaji."

Basi nikaitoa ile gurudumu ya sufi kabatini,
nikaifunga kwenye meza ya jikoni,
nikavaa miwani ya zamani, nikang'arisha vidonge sita.
Jirani, Bi Schwendimann, aligonga ukuta mara mbili.
Sijafurahi vile tangu nistaafu.

Jumatano akanipigia simu.
Bakteria wachache, akasema, wachache kupita matarajio.
Nikaanza kucheka.
Lakini seli za fizi nazo zimeteleza.
"Umezidisha, Baba. Umeng'arisha mpaka hapana pa kushika."

Kidonge kimoja tu, cha nne,
kile nilichokiacha kabla hakijakamilika
kwa sababu supu ilikuwa inafurika,
kile seli zimekishika kote, na bakteria hawamo.
Amekipima mara tatu. Hajui kwa nini.
Daftarini ameandika: sijui,
akapiga mstari chini yake, kwa kalamu nyekundu.

Ananiuliza nilikizungusha mara ngapi.
Sikuhesabu. Nani huhesabu supu inapofurika?

Nimekaa tena mezani na vidonge kumi vipya,
jiko limezimwa makusudi, kisha nikaliwasha tena,
maana huenda ni mvuke.
Na ulimi wangu, ambao haukusoma popote,
kila nikisahau kuuzuia unarudi kushoto,
unapapasa ukingo wa pengo,
unatafuta pa kushika.