Breki ya Mbele

Diski mbili zilikuja na boti ya Unguja,
zimeviringwa kanga chakavu.
Shaame akafungua nati, akachomoa pedi kuukuu,
nyembamba kama ukucha.
"Na hii ndiyo uliyozungukia Pemba nzima?"
Sikumjibu.

Nabana wenzo, yeye analegeza skrubu.
Bana. Shika. Achia.
Povu likatoka mrijani, likatoka tena,
mpaka yakaja mafuta peke yake
na wenzo ukagoma kidoleni.

Alasiri nikashuka mteremko wa Chwale,
pale msimu uliopita nilipouvuruga mkeka wa Bi Mize:
karafuu ziliruka hadi mtaroni
naye akaziokota moja moja,
hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nikasimama. Hatua tatu nzima kabla ya mkeka.
"Wataka nini?"
"Sitaki kitu, bibi. Nimesimama tu."