Ghorofa ya Chini

Novemba. Kaskazini ya Kanada, theluji imeziba madirisha ya baraza.
Karani anasoma: kifungu cha tisa,
msamaha wa kodi ya majengo,
ombi la Odile Charbonneau.

Diwani Halvorsen anavua miwani.
"Juu wanalala wanawake waliokimbia vipigo. Sawa.
Lakini chini mnauza makoti."

Ya mitumba, asema Odile. Dola mbili.
Vifungo tunashona wenyewe.

"Kuuza ni kuuza. Na lami hailipwi kwa dua."

Hakusema uongo: bomba la mtaani kwake
limepasuka tangu Agosti.

Mikono ikanyooshwa, minne kwa mitatu.
Juu pasamehewe, chini palipiwe.

Usiku ule Odile alipanda ngazi, funguo mkononi,
akihesabu vidato,
atafute mpaka ulipo.
Kumi na vinne. Cha saba hulia kikikanyagwa.
Akasimama hapo,
mguu mmoja kwenye deni, mmoja kwenye hisani.

Juu, mtoto alikohoa.

Akashuka tena dukani gizani,
akapapasa koti la kwanza, la kijani,
akaishika karatasi ya bei.
Akafuta mbili.
Akaandika tatu.