Sentimita Mia na Kumi na Nane

Nimepima mara tatu kwa futikamba ya Minza,
ile iliyofutika namba kuanzia moja hadi tisa:
toka ukingo wa kitanda hadi penye jiwe,
sentimita mia na kumi na nane.
Upana arobaini, na hapo mlango wa kabati
utafunguka nusu, shati litatoka kwa kuvutwa mkono.

Huku Mabatini nyumba haijengwi, inaombwa.
Jiwe likikubali, unapata ukuta;
likikataa, linaingia nawe chumbani.
Letu liliingia. Lina bega pana la kijivu,
masika linatoka jasho,
kiangazi Minza analianikia kanga.

Miaka ishirini na sita nilivuta pointi Mwanza Kusini,
nikigawa njia:
wewe ghala la pamba, wewe gatini, wewe subiri.
Mvuta pointi hasafiri. Husafirisha.
Sasa nina ubao wa kasha la samaki, penseli,
na mgongo wa kalenda ya mwaka juzi.

Kwanza nilichora duara, kama mtoto.
Treni izunguke, ipotee nyuma ya jiwe, irudi.
Lakini reli haikunjwi kama waya wa kuanikia nguo;
ukiibana mno, behewa linalala ubavu.
Duara langu lilitaka mita kila upande,
yaani kitanda kitoke.
"Kitoe," alisema Minza, "ukalale stesheni."

Nikafuta.

Nikaanza kupunguza miji.
Tabora ilikwenda ya kwanza, wala sikuumia,
niliwahi kuibiwa koti pale.
Kisha Isaka, Shinyanga, Malampaka na vumbi lake.
Bukwimba nilisita. Mama alikuwa akiuza karanga
kwenye madirisha ya behewa, kichwa juu, mkono juu,
chenji ikidondoka treni ikishaanza kwenda.
Nikapuliza mabaki ya kifutio, nikaendelea.
Mantare. Fela.
Mpaka zikabaki njia tatu, pointi mbili,
jukwaa lenye upana wa rula,
na mwisho wa yote, maji.

Reli zitakuwa vijiti vya miavuli iliyokufa,
Lugembe wa Mlango Mmoja ameniwekea kumi na mmoja.
Mataruma ni njiti za kiberiti.
Mota naifahamu ilipo: ndani ya redio kaseti
iliyotafuna kanda ya harusi ya shemeji.
Upana wa njia, milimita kumi na mbili:
ni mita nzima, ila imefuliwa kwa maji moto.
Jiwe sitalichora. Jiwe lipo.
Kwa kipimo hiki linaipita Bugando kwa urefu,
na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie
nimeliangalia bila kulilaumu.

Lililobaki lilikuwa moja, likanikosesha usingizi.
Behewa likifika mwisho, liende wapi?
Kusukuma mbele, kuvuta nyuma, kupanga, kupangua,
hiyo ni kazi, naijua, lakini ni kazi ya nani
kama hakuna mzigo unaoondoka?

Minza alikuwa anachambua mchele.
Hakuinua macho.
"Na meli?"

Meli! Ile iliyofungua mdomo wa nyuma
ikameza mabehewa, reli kwa reli,
nami nikiwa nimesimama gatini na bendera yangu,
nikiyahesabu yanavyoingia gizani.

Akamwaga mchele kwenye sufuria,
akaligeuza sinia, akalipima kwa kiganja.
"Manne yanaingia. Matano, yatazama."
Halafu akanyoosha kidole kwenye rafu ya vyombo,
upande wa pili wa chumba:
"Kisumu iko pale. Ushuru nakusanya mimi."

Ubao bado mtupu. Gundi haijanunuliwa.
Ila usiku ule, kwenye ramani,
nilichora mshale mmoja unaotoka nje ya karatasi.
Toka gati hadi rafu ni hatua kama sita.
Hizo sikuzipima.