Kadibodi ya Enid

Keighley, Februari, mvua isiyo na haraka.
Enid Sutcliffe amepata kipande cha kadibodi
nyuma ya kaunta, kati ya misumari ya inchi mbili
na bawaba ambazo hakuna tena anayeziulizia.
Kalamu ya wino mzito ameishika
kama kisu cha kukatia jibini.

Miaka arobaini na moja mlango huu
ulijua neno moja tu: shut.
Neno fupi. Ulimi hugonga ufizi na kwisha,
kama komeo likiingia tunduni.
Wilf alilipaka mwenyewe, rangi nyeusi, herufi zimeinama,
akalitundika kwa uzi wa kufungia vifurushi.
Kila saa kumi na moja na nusu jioni.
Na watoto wa mtaa walijua kuwa shut ni usingizi:
asubuhi kibao kitageuzwa,
harufu ya mafuta ya taa itatoka tena barabarani.

"Nitundike lile lile," anauliza, "au niandike closed?"
Gareth, yuko juu ya ngazi anashusha ndoo za mabati.
"Shangazi, si yote mamoja?"

Si yote mamoja.
Mdomo huamriwa shut, tena kwa hasira.
Akaunti ya benki haiwi shut. Kesi mahakamani haiwi shut.
Kiwanda cha sufu, mwaka ule, kilituma barua:
closed, kwa herufi za mashine,
na sahihi ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona.
Closed limevaa tai. Linavua kofia mlangoni.
Linasema taratibu, kama yule daktari
aliyemwita Enid pembeni, ukumbini,
akamwombea kiti kwanza.

Mimi mpangaji wa chumba cha juu,
niliyeteremka kununua balbu,
nimelelewa na kufunga moja, na kazi zake zote:
tunafunga mlango, tunafunga mbuzi,
tunafunga Ramadhani, tunafunga safari,
tunafunga bao dakika ya tisini.
Nikadhani mama huyu anapoteza wino
kuchagua kati ya mapacha.

Kisha nikakumbuka macho.
Macho, mwenye lugha yake hayafungi.
Huyafumba.
Na asiyeweza tena, hufumbwa na mwingine,
kwa vidole viwili, polepole.
Nikaiweka balbu juu ya kaunta. Sikusema kitu.

Ameandika closed.
Herufi ya mwisho imekosa nafasi, imebanwa ukingoni.
Pesa yangu ameikataa.
Gareth amezima taa, amebeba ngazi,
tumetoka sote watatu kwenye mvua,
na Enid amevuta mlango.

Haukuja.
Mbao zimevimba kwa maji, kama kila Februari.
Wilf alikuwa akiuahidi randa.

Amevuta tena. Ameegemeza bega.
Kibao kimeshasema lake, kwa adabu,
na mlango bado uko wazi kiasi cha kidole,
"Shut," anauambia, "shut, mpumbavu wee,"
na anacheka, na hacheki.