Huenda

Alojz alipuliza kijibomba cha hospitali ya Zabrze;
mshale ukapanda kidogo, ukachoka.
Miaka thelathini ya makaa ya mawe,
arobaini ya sigara:
hayo hayaoshwi kwa kabichi, alisema daktari,
ila matunda na mboga huenda
yakapunguza kasi ya mteremko.
“Huenda,” akarudia Truda njiani,
kama mtu anayehesabu chenji.

Sasa kila alfajiri, theluji dirishani,
humkatia tufaha vipande vinane.
Mume hunung'unika: kwani mimi sungura?
Lakini hula.

Jana, kupanda ghorofa ya tatu,
alisimama mara mbili.
Mwezi uliopita, mara tatu.
Truda hakusema neno.
Alijaza udongo kile kisahani cha majivu,
akafukia mbegu moja,
akaimwagia maji kwa kijiko.