Milimita Tano

Jumanne nilidunga, Ijumaa nasoma.
Katikati, kanuni inasema, ni saa sabini na mbili.
Kwa Idwal Pritchard ni mwaka na nusu.

Shingoni mwa kila ng'ombe nimenyoa mahali pawili:
juu dawa ya kifua kikuu cha ndege,
chini ya kile cha ng'ombe,
na ngozi ndiyo shahidi.
Uvimbe wa chini ukiushinda wa juu
kwa zaidi ya milimita nne, hakuna rufaa.
Nne: punje mbili za mchele zilizolaliana.

Mvua ya Penfro hainyeshi, inahamia.
Mimi natoka Estremadura, upande wa Hispania,
ambako baba alifuga mbuzi
na mvua ilikuwa mgeni wa kuandaliwa kiti.
Hapa naitwa daktari wa Serikali, kwa Kiingereza.
Ng'ombe huambiwa mambo yao kwa Kiwelisi.
Nimejifunza maneno matatu: taratibu, geuka, samahani.
La tatu bado sijui pa kuliweka.

Sitini na mmoja wamepita.
Eluned anaandika "safi" daftarini,
na kila "safi" anashusha pumzi
kama mama anayehesabu watoto wakishuka basi la shule.

Wa sitini na mbili ni Mwynwen.
Miaka minane, mimba ya miezi minane,
robo ya zizi hili ni kizazi chake.
Nikabana kwa chuma.

Vidole vyangu vinajua jambo lisilo katika waraka wowote:
ukikaza kidogo, tano huwa nne.
Kidogo tu. Nani angejua?
Idwal alitazama uzio. Hakuomba.
Angeomba ningekasirika,
na hasira ingenibeba.

"Tano zaidi," nikasema.
Kalamu ya Eluned ikabaki hewani.

Msidhani siamini kazi yangu.
Jibini ya bonde hili huvuka bahari kwa muhuri,
muhuri husimama juu ya neno,
na neno ni langu, na sahihi yangu chini yake.
Mlaji wa ng'ambo, asiyemjua Mwynwen wala kwao,
ana haki ya kipande kisicho na kikohozi ndani yake.
Mchuma janga hula na wa kwao, sawa.
Lakini Idwal hakuchuma, aliletewa:
na nyegere mwenye milia usoni,
na ndama wa mnadani, na jirani, na tope la buti,
labda hata buti zangu.
Kula, anakula.

Mimba ile hairuhusiwi kupanda lori.
Basi mwenye bunduki akaja uani, Jumatano, saa mbili asubuhi,
kijana mpole, alivua kofia.
Nilisimama pale kwa mujibu wa sheria.
Mwynwen alianguka mara moja.
Tumbo halikujua.
Tumbo liliendelea kupiga mateke dakika kadhaa,
na Eluned akaingia ndani, akafungua redio, sauti ya juu.
Fomu ina safu kumi na nne.
Nilizipitia zote. Hamna ya hilo.

Mthamini alilipia ng'ombe mmoja.

Baada ya wiki tatu barua ikatoka maabara:
hakuna kidonda kilichoonekana.
Nikapiga simu, nikaeleza kwa sauti niliyofundishwa
kwamba kutoonekana si kutokuwepo,
kwamba ugonjwa huu hujificha, kwamba kipimo kilisema kweli.
"Najua," alisema Idwal. "Nimeifanya kazi hii tangu hujazaliwa."
Kisha, baada ya kimya: "Ulikula lakini? Siku ile hukunywa hata chai."

Siku sitini zimetimia. Leo nimerudi.
Lango liko wazi, amelishikilia kwa goti,
na daftari la Eluned ni jipya.
Wa kwanza kwenye foleni ni mtamba mwekundu
mwenye kipaji cha Mwynwen, doa lile lile, upande ule ule.
Ananusa mkono wangu.

Chuma ni cha baridi.
Nakihohea kwa pumzi, mara mbili, mara tatu,
kabla ya kumgusa.