Kupandikiza

Daktari Kajuna aliposema "kupandikiza"
nilicheka, kiganja mdomoni,
maana kwetu Urambo neno hilo lina matope:
mgongo wa baba ulioinama Desemba nzima,
miche ya tumbaku ndani ya karai,
na kijiti cha kutobolea tuta.

Jino langu la mbele lilibaki Isevya,
mchangani, karibu na mashine ya kukoboa,
siku baiskeli iliponikataa.
Tangu hapo nafundisha darasa la kwanza
herufi zinazovuja.
Nasema "sita", unatoka upepo.
Nasema "thelathini", na watoto hamsini na wanane
wanalirudia kosa langu kwa utiifu mkubwa.

"Milioni moja na laki nne," akasema daktari,
akaandika, akapiga mstari chini.
Mwingine angeshukuru, akaenda kukopa.
Mimi ni binti wa mkulima wa tumbaku.
Nilimwona baba akitajiwa bei ya kilo,
akarudi jioni na karatasi ya makato:
mbolea, dawa, kamba, magunia, ushuru,
na riba ya mbolea ileile.
Alikuwa akisema: bei ni mgeni anayebisha hodi,
kabla hujamfungulia muulize yuko na nani.

Nikamuuliza.
Hiyo ni ya nini hasa?
Ya parafujo, akasema, ya titani, inayozama mfupani.
Na jino lenyewe, la kuonekana?
Ah, kofia. Laki nane na nusu.
Na picha? Laki na ishirini.
Na mfupa wangu ukikutwa mwembamba?
Akavua miwani. Laki sita. Tuombe tusifike huko.
Na pa kufanyia?
Dodoma, mara tano.
Na bima?
Bima, mwalimu, inasema huo ni urembo.

Urembo!

Lipo la kuvaa, la laki na nusu,
unalivua usiku unalilaza kikombeni.
Shangazi Nyanzala alikuwa nalo.
Lilimtoka harusini Ipuli katikati ya kigelegele,
tukalitafuta kwa tochi miguuni mwa wacheza ngoma.
Nilimshukuru daktari kwa ushauri.

Usiku, nyuma ya daftari la maandalio,
nikapanga mgeni na wenziwe wote:
parafujo, kofia, picha,
treni kwenda na kurudi elfu thelathini na tano, mara tano.
Jumla 2,545,000.
Ile laki sita ya mfupa nimeiandika kwa penseli.

Kaka Shija ana mizinga Sikonge.
Ameniahidi ndoo nne za asali, kila moja laki na sitini,
nyuki wakikubali.
Mshahara ukishapitiwa na wote wanaoupitia
naweza kubana elfu tisini kwa mwezi.
Nikagawanya. Miezi ishirini na moja na kitu.
Nikafunika daftari. Nikalifunua tena.

Maana jino, kumbe, halilipwi kwa mkupuo.
Parafujo kwanza, kisha linaachwa
miezi minne, hata sita,
mpaka mfupa ulikumbatie,
ndipo kofia.
Baba naye, akishagandamiza udongo kwa gumba,
alitukataza hata kuusogelea mche.
Uacheni ushike.
Kwa hiyo sidaiwi yote sasa.
Nadaiwa parafujo, picha na safari mbili.
Ukitoa asali, miezi kumi na moja
nakaa kwenye kiti.

Leo Kabula wa dawati la mbele
amekuja na pengo kama langu, palepale.
Akanionyesha, kidole ndani,
ncha nyeupe ishaanza kuchungulia.
La kwake linakuja bila risiti.
"Mwalimu, la kwako lini?"
Mwakani, nikamwambia, asali ikipanda bei.
Akafikiri.
Akaniletea mchana, kwenye kipande cha karatasi,
shilingi mia mbili.
Sikujua niiandike upande gani.
Nimeiandika kwa kalamu.